Anayefikisha Ndiye Anayepewa Jina

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi ya gari la wagonjwa, kabla hata hamjaniamkia niwaambie ukweli: nawaonea wivu. Sisemi ule wivu mwepesi wa kuona mtu kavaa shati zuri. Huu wangu umeingia ndani, umevua viatu, umekaa.

Juzi nilikuwa Mikumi, nimesimama kando ya barabara kuu na mkate kwapani. Likapita gari jipya la wagonjwa. Mlango wa nyuma una kioo, nikachungulia: machela imefungwa chini vizuri, mtungi wa oksijeni umesimama ukutani kama askari, na binti amekaa upande wa kichwa cha mgonjwa kavaa glovu, ametulia. Gari likashika njia ya Iringa. Nikaliangalia mpaka likapotea, nikasema moyoni, lile linakwenda mpaka mwisho.

Mimi sikuwahi kwenda mpaka mwisho. Ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwapa.

Jina langu Ramadhani, wengi wananiita Rama. Mnaniamkia shikamoo nami naitikia marahaba kwa sauti nzito, lakini mjue sijafika hata arobaini. Mimi ni mstaafu wa jicho. Presha ya macho ilikula upande wa kushoto, daktari akaniambia naweza kuona kila kitu isipokuwa kile kitakachonigonga. Nikarudisha funguo. Sasa ninakaa Kilosa, ninaziba pancha za bodaboda, na mke wangu Mwajuma anapika vitumbua hapo hapo mlangoni. Shule yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imeyumba, mjue dereva ni yule yule.

Nimezaliwa Munisagara, kwenye reli. Treni ikipita, watoto wenzangu walikuwa wanapungia mikono abiria wa madirishani wakifurahi, mimi nikinuna. Mama aliniuliza siku moja, "Wewe umenuna nini?" Nikamwambia, "Wale wanafika." Akasema, "Wanafika wapi?" Nikasema, "Sijui. Lakini wanafika." Akacheka akaniambia nenda kachote maji, huko nako utafika. Basi nimekua na ndoto hiyo, kuendesha kitu kinachofika.

Nikapewa gari la wagonjwa la kituo chetu, karibu na Mikumi. Na likawa gari lisilofika.

Nieleze vizuri, maana ninyi mmekuta mambo yamenyooshwa. Mgonjwa wetu akizidiwa tulimpeleka Morogoro mjini, na huko nilifika mara nyingi, sikatai. Lakini Morogoro ni kama nyumbani. Rufaa ninazozisema ni zile za kuvuka mkoa. Mvua ikila barabara upande wa Morogoro, au huko wakisema vitanda vimejaa, tulikuwa tunageuza gari kuelekea Iringa. Sasa utaratibu wa siku zile, sijui nani aliutunga, ulikuwa hivi: kibali cha gari letu kinaishia mpakani. Unapita milima ya Iyovi, unashuka mpaka karibu na daraja la Ruaha, pale wanapouza vitunguu. Hapo unasimama. Gari la upande wa Iringa linateremka mlima wa Kitonga kuja kukupokea. Mgonjwa anatolewa ndani ya gari lako, anapita katikati ya magunia ya vitunguu, anaingizwa ndani ya gari lao. Wao wanapanda mlima. Wewe unageuza.

Sisi wenyewe tuliita kuvusha. "Leo nimevusha mmoja." Na wale wa juu, wa Iringa, waliita kufikisha. Neno moja dogo tu, lakini lilinikosesha usingizi miaka.

Kabla sijafika kwenye donda lenyewe, nimtaje Nesi Tabitha, maana alinifundisha kazi. Alikuwa mama wa Kikaguru wa milimani, wa shule za misheni, mrefu, anatembea kama anapima kiwanja. Siku zangu za mwanzo nilikuwa na mdomo wa madereva. Sisi madereva tulikuwa tunawaita wagonjwa kwa ugonjwa. Nikifika mpakani nasema, "Nimekuletea mguu." Au, "Leo nina tumbo." Siku hiyo nilikuwa na kijana wa Msowero aliyekuwa huku kwa shangazi yake, kaangukiwa na gogo. Nikamwambia dereva wa juu, "Pokea kichwa hiki, bado kinapumua."

Tabitha akashuka gari, akasimama mbele yangu.

"Hicho kichwa kina mama?"

Nikacheka.

"Nakuuliza, Ramadhani. Kina mama yake?"

"Kina, dada."

"Mama yake alikiita kichwa?"

Nikageukia magunia ya vitunguu. Akasema, "Anza na jina. Kisichokuwa na jina ni mzigo, na mzigo ukidondoka mtu anauokota tu. Jina, halafu kilichompata, halafu tulichompa, halafu kilichobaki. Kwa mpangilio huo. Sema sasa."

Nikasema, mbele ya wauza vitunguu. Tangu hapo wale kina mama wakiniona nateremka walikuwa wananitania, "Rama, leo jina nani?" Lakini niliendelea kusema, na mpaka leo nikizibia mtu pancha namuuliza jina kwanza.

Kingine alichonifanyia Tabitha, nawashauri mkifanye wenyewe. Alinilaza kwenye machela. Gari likiwa tupu, tunatoka Kilosa kwenda Mikumi kwa njia ya kijiji cha Ulaya, akampa usukani dereva mwenzangu, mimi akanifunga mikanda, akaniwekea na blanketi. Wadogo zangu, tuta ulilolipita kila siku ukiwa umekaa, ukilipita umelala ni kitu kingine. Tumbo linabaki nyuma. Unaona dari tu, hujui kona inakuja lini, kila breki unadhani ndiyo mwisho wako. Tulipofika nikashuka natapika. Tabitha akaniambia, "Hukuwa mgonjwa hata kidogo." Tangu siku hiyo nilijifunza kupunguza mwendo kabla ya tuta, siyo juu ya tuta, na kumwambia mgonjwa kwa sauti, "Mama, kona inakuja kulia kwako." Kukimbia kila mtu anaweza. Kazi ni kukimbia bila mgonjwa kujua kwamba unakimbia.

Haya, sasa donda.

Dereva wa upande wa juu aliitwa Ezekia Chengula. Kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, miwani ya jua, gari lake limeoshwa. Mimi natokea kwenye vumbi la miwa nimekuwa rangi ya tofali, yeye anateremka Kitonga anang'aa. Na ana tabasamu. Lile tabasamu ndilo nililolichukia zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Rama, habari za bondeni?"

"Nzuri. Za huko mnakofika?"

Alidhani natania.

Siku moja tulikuwa tumempakia dada mmoja wa Ruhembe, Mwanahamisi, mke wa mkata miwa. Uchungu ulikuwa umegoma na presha imepanda, kaanza kuona giza. Morogoro hakukupitika. Tulikuwa naye mchana wa mvua, Tabitha nyuma, na mama mkwe, Bibi Mwantumu, amekaa pembeni ameshika kanga ya mkwewe kama anashika kamba ya ng'ombe asitoroke. Njia nzima bibi alikuwa anaongea na mimi kupitia kidirisha.

"Baba, unaendesha vizuri. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Munisagara, bibi."

"Umeoa?"

"Nimeoa, bibi."

"Basi. Nilikuwa nauliza tu. Angalia mbele."

Nilimpenda yule bibi. Na nilimwambia Mwanahamisi kila kona, kila tuta, na yeye akawa anaitikia, "Eh." Lile "eh" lake likawa kazi yangu. Likichelewa, narudia kumwita. Nikajiambia, huyu natamani nimfikishe mimi. Kibali na kiende kuzimu, huyu nampandisha Kitonga mwenyewe. Lakini sikuwa na mafuta ya huko wala ruhusa, na Tabitha aliniona kwenye kioo akatikisa kichwa.

Tukafika penye vitunguu. Chengula yupo, mlango wazi, nesi wake yupo. Bibi Mwantumu akakataa kushuka.

"Kwani gari hili limeharibika?"

"Hapana, bibi. Mkoa umeisha."

"Mkoa umeisha, mimba haijaisha. Twende."

"Bibi, huyu mwenzangu ndiye atawafikisha."

"Huyu wa miwani? Simjui. Hata shikamoo yake sijaisikia."

Chengula akavua miwani, akainama kwenye mlango. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamwangalia. "Sasa ndiyo umekuja kama mtu."

Akashuka. Na hapo, wadogo zangu, ndipo mwelewe kwa nini nchi imehangaika kuweka viwango kwenye vitu vinavyoonekana vidogo. Machela yetu ilikuwa na miguu ya aina moja, sakafu ya gari lao ina vyuma vya aina nyingine. Haikai. Ikabidi tumbebe Mwanahamisi kwa shuka, watu wanne, mmoja wao muuza vitunguu, mvua inatupiga. Mtungi wao ulikuwa unakaribia kuisha. Nikatoa wetu, kichwa cha mtungi wetu hakiingii kwenye mpira wao wa hewa. Tabitha na yule nesi wanahangaika, mgonjwa amelala anaangalia mvua. Mwishowe tukaingiza mtungi wetu mzima na mpira wake ndani ya gari la Chengula, nikaufunga kwa mkanda wangu wa suruali, maana hakukuwa na kitu kingine. Muda wote huo, mtu ambaye hakutakiwa kupoteza muda alikuwa anaupoteza, kwa sababu mikoa miwili ilinunua vitu visivyojuana.

Tabitha akanitazama. Nikasema kama alivyonifundisha, "Anaitwa Mwanahamisi." Kisha mengine. Chengula akarudia jina. Tabitha akapanda naye. Gari likaondoka, king'ora kikapungua, kikaishia kwenye kona ya kwanza. Mimi nikabaki nimeshika suruali kwa mkono mmoja.

Niliwaambia Mikumi nasubiri mvua ipungue. Uongo. Nilikuwa nasikiliza mlima.

Tabitha akapiga simu baadaye: wamefika, kapasuliwa, mtoto wa kiume, mama mzima. Nikafurahi, Mungu ni shahidi. Nililia kidogo ndani ya gari. Halafu nikauliza, "Mlangoni pakoje?" Tabitha akasema, "Mlango wa nini?" Nikasema basi.

Mvua zilipokwisha, Bibi Mwantumu akaja kituoni na mzigo wa miwa kichwani, ile minene ya Ruhembe inayotoa maji mpaka kwenye kiwiko. Nikamkimbilia kumtua.

"Shikamoo, bibi. Asante kwa miwa."

"Marahaba, baba. Mpelekee yule kijana wa Iringa."

Nikasimama na ule mzigo.

"Wa miwani?"

"Huyo huyo. Mkifika kule penye vitunguu mpe, mwambie wajina wake anamsalimia."

"Wajina wake, bibi?"

"Mtoto tumemwita Ezekia."

Sikilizeni. Familia ile ni ya Kiislamu tangu babu wa babu. Mimi naitwa Ramadhani, jina halali kabisa, limekaa hapo halina kazi. Nikajaribu kwa adabu.

"Bibi, jina hilo si la huko kwao?"

"Ni la nabii. Nimemuuliza shehe, kasema manabii ni wengi kuliko tunaowajua."

"Na Ramadhani, bibi, hamkulifikiria?"

Akanigonga begani. "Ramadhani ni mwezi, mjukuu wangu. Unakuja kila mwaka."

Ile miwa nikaipeleka. Nilikula mmoja njiani, na ulikuwa mtamu, ukaniongezea hasira. Chengula akapokea kama mfalme. "Wajina wangu?" akasema, akaikumbatia ile miwa na shati lake la pasi. "Rama, hawa wa Ruhembe wananipenda mno. Ni wa tatu sasa." Wa tatu! Kuna Ezekia wengine wawili bondeni nilikuwa siwajui, na mama zao wote niliwavusha mimi.

Hapo ndipo nilipougua wivu wenyewe. Nikawa nikiona mtoto wa umri ule sokoni namuuliza jina kabla ya kumsalimia. Mwajuma akachoka. "Mume wangu," akasema huku anageuza vitumbua, "nimeolewa peke yangu lakini nina mke mwenza anaitwa Chengula. Unamtaja kuliko mimi. Unajua hata viatu vyake."

"Anavipaka rangi kila siku."

"Haya, si hayo?"

"Mwajuma, mimi ninamtoa mtu mautini, yeye anampokea amekwisha kuamka, ndiyo anaitwa yeye!"

"Basi zaa wewe umwite Ramadhani."

Tulizaa, wa kike. Tukamwita Tabitha. Watu wa msikitini wakaniuliza, nikawaambia manabii ni wengi.

Jicho lilipoharibika nilikuwa sijafika hata mara moja. Nilirudisha funguo, na kitambo kidogo tu baadaye, haki ya Mungu kama kusudi, ukaja utaratibu wa taifa. Gari moja, mlango mpaka mlango. Mpaka wa mkoa si kituo tena. Machela zote miguu ya aina moja, mipira na mitungi inaingiliana nchi nzima. Hospitali inayopokea inapigiwa kabla gari halijawasha injini, na nyuma anakaa mtu aliyefundishwa, siyo ndugu aliyeshika dripu huku analia. Yote niliyoyahitaji siku ile ya mvua, yakaja nikiwa na jicho moja na gundi ya pancha mkononi.

Wakaitisha mafunzo Mikumi, madereva wapya wa pande zote mbili, na wakaniita mimi na Chengula tuwasimulie ya zamani. Chengula naye alikuwa amehamishwa ofisini, kanenepa. Walikuwepo wengi wenu. Alikuwepo Salma, dereva msichana, anayeuliza maswali mpaka unatamani kuwa na majibu. Nikasimulia ya mkanda wa suruali, mkacheka. Nikasimulia ya majina, mkacheka zaidi. Kisha nikasema, nadhani kwa uchungu kuliko nilivyopanga, "Mwenzangu huyu amefika maisha yake yote. Mimi nimebaki kwenye vitunguu."

Chengula hakucheka. Wakati wa chai akanifuata nyuma ya ukumbi.

"Rama, unajua nilikuwa nakuonea wivu?"

"Wivu wa nini? Vumbi?"

"Wote ulionipa walikuwa hai."

Sikumwelewa. Akaweka kikombe kwenye dirisha.

"Kila uliyemtoa kwenye gari lako alikuwa anapumua. Ulinipa jina lake, nikalishika. Wengine nilifika nalo jina tu. Nafungua mlango, nesi anauliza, anaitwa nani, nasema jina, na nesi ananiangalia. Wewe ulikuwa umeshageuza, unakwenda kunywa chai Mikumi, unasema leo nimevusha mmoja. Hukuwahi kuniuliza habari za wale ambao hakuna mtoto aliyeitwa Ezekia."

Kweli sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nahesabu watoto wa jina lake tu.

Niwadanganye kwamba wivu uliisha pale? Haukuisha. Ulihama chumba. Kwanza nilimwonea wivu kwa waliofika wazima, sasa nikamwonea wivu hata kwa wale wengine, kwamba alikuwa nao mpaka mwisho, akasema majina yao mlangoni, na mimi sikuwepo. Hata hivyo tukabadilishana namba. Na jioni ya mafunzo nikawaambia ninyi, mnakumbuka, "Mkifika kule juu nipigieni. Nataka kusikia huo mlango wa hospitali." Mkaona ni utani wa mzee. Salma hakuona ni utani.

Mwezi uliopita, saa za mchana, nimekaa kibarazani na tairi la bodaboda, simu ikalia. Ni mhudumu wa nyuma kwenye gari la Salma.

"Kaka Rama, shikamoo. Salma anakuuliza, tupo chini ya Kitonga, malori yamefungana njia nzima. Tumepiga king'ora mpaka basi. Tuna mama, hali si nzuri. Tufanyeje?"

Wadogo zangu, kuna maswali mtu anayasubiri maisha yake yote, halafu yakija anakuwa hana jibu. Najua Iyovi kona kwa kona. Najua tuta la kila kijiji mpaka Kilosa. Lakini Kitonga? Sikuwahi kuipanda na mgonjwa hata siku moja. Ningeweza kubahatisha. Ulimi ulikuwa tayari kubahatisha, maana walikuwa wamenipigia mimi, siyo Chengula.

Nikasema, "Mimi sijui. Anayejua ni Chengula. Usikate."

Nikapiga kelele, "Mwajuma, simu yako!" Akaja na unga mikononi. Nikampigia Chengula kwa simu ya Mwajuma, nikaweka sauti kubwa zote mbili, nikazilaza juu ya tairi kichwa kwa miguu, mdomo wa hii kwenye sikio la ile.

"Chengula, una mgonjwa chini ya mlima. Malori yamefunga."

Hakuuliza habari za nyumbani. "Wazime king'ora," akasema. "Sasa hivi. King'ora mle mlimani ni adui. Kila lori linataka kukupisha na pa kupishia hakuna, linaingia kwenye mtaro, yanazidi kufungana. Zima. Nani yuko nyuma na mgonjwa?"

"Mimi," mhudumu akasema.

"Baki naye. Kuna ndugu wa kiume?"

"Kaka yake yuko."

"Ashuke kwa miguu, apande akiongea na matingo, wale wasaidizi wa malori, siyo madereva. Matingo. Awaambie wasimamishe wanaoshuka kwenye ile kona pana, hawa wa kupanda wasogee mmoja mmoja. Awaambie jina la mgonjwa. Tingo ukimwambia gari la wagonjwa anakwambia subiri. Ukimwambia jina, anashuka."

Nikamtazama Mwajuma. Jina! Yule bwana alilichukua kwangu pale penye vitunguu, akapanda nalo mlima wake miaka yote.

"Anaitwa Paulina," mhudumu akasema. Tukamsikia akimwambia mtu nje, "Sema ni Paulina, sema ni Paulina."

Mtandao wa kule mlimani ukakatika. Tukabaki sisi watatu, mimi, Mwajuma na Chengula kwenye simu ya Mwajuma, hakuna aliyekata. Mwenye bodaboda alikuja kuchukua tairi lake, akaona zile simu mbili juu yake na nyuso zetu, akakaa chini. Vitumbua viliungua. Chengula alikuwa anatupeleka kwa kubahatisha, sauti ya chini: "Sasa watakuwa wametoka juu. Ilula hapo. Hapo kuna matuta, apunguze kabla." Nikasema, "Anajua, nilimlaza mwenyewe kwenye machela siku ya mafunzo." Akasema, "Vizuri." Hakuna kati yetu aliyetaka kusema lile lingine, kwamba Salma anaweza kufika na jina tu.

Simu yangu ikalia. Ni Salma, nikaweka sauti kubwa.

"Kaka Rama, usiongee. Sikiliza."

Akaiweka mfukoni, nadhani, maana nilisikia kitambaa. Mlango wa gari. Miguu ya machela ikikunjuka, chak, mara moja, bila kugombana. Magurudumu kwenye zege, kisha mlio mwingine, laini.

"Hicho ni kizingiti," Chengula akanong'ona kutoka kwenye simu ya pili. "Sasa mlango. Unasukumwa kwa bega, wa kulia unakwama."

Ukakwama. Ukafunguka. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Tulikuwa tunawasubiri. Anaitwa nani?"

Na kabla Salma hajajibu, sauti nyingine, nyembamba, imechoka, ya mtu aliyelala akiangalia dari, ikasema yenyewe:

"Paulina."

Mwajuma akajifunika uso kwa kanga yenye unga. Mwenye bodaboda akasema alhamdulillah, wala hajui ya nini. Ndani ya simu yangu magurudumu yakawa yanaendelea kwenda mbali, watu wanapishana, mtu anaita daktari. Na kwenye simu ya Mwajuma nikamsikia Chengula anavuta pumzi, anataka kusema kitu.

"Kata simu, Chengula," nikamwambia. "Huyu ni wa kwangu."

Akacheka, akakata.